Amana ya Mwenye Akili Dhaifu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwenye nguvu na akamuumba mnyonge, akamfanya kila mmoja kuwa mtihani wa mwenzake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na wewe uliyepewa karatasi hii mlangoni mwa msikiti, usiitumie kufungia karanga kabla hujaisoma. Ukimaliza, msomee aliye nyumbani asiyejua kusoma, maana hotuba hii ni ya nyumbani kuliko ya msikitini.

Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya isha, mama mmoja mzee alikaa mlangoni upande wa wanawake mpaka watu wakaisha. Alikuwa na mwanawe. Si mtoto tena, ndevu zake zimeanza kupata mvi, lakini alishika ncha ya kikwembe cha mama yake kama mtoto aendaye sokoni. Nikadhani amekuja kuomba sadaka, nikatia mkono mfukoni. Akaniambia: "Hapana, shehe. Sikuja kwa ajili ya makuta. Nina ulizo moja. Mimi nikifa, huyu atabaki na nani?" Nikamjibu haraka, kama tunavyojibu sisi watu wa vitabu: "Mama, atabaki na Mwenyezi Mungu." Akanitazama kwa muda. Akasema: "Mungu namjua, shehe. Nauliza, ni nani kati yenu?"

Sikuwa na jibu. Akamshika mwanawe mkono wakaenda gizani. Karatasi hii ndiyo jibu nililolikosa usiku ule, na kama halitoshi, basi ninyi mtalikamilisha.

Tufahamiane kwanza tunamsema nani. Simsemi mwenye wazimu, ambaye akili yake ilikuwa timamu kisha ikaugua, naye huenda akatibiwa akapona. Namsema yule ambaye akili yake imekuwa nzito tangu utoto: alichelewa kutembea, alichelewa kusema, hesabu haimwingii, makuta hayajui thamani yake, lakini anacheka, anapenda, anaona haya, anajua nani anampenda na nani anamchukia. Wanazuoni wa fiqhi walimjua zamani, wakamtofautisha na mwendawazimu. Walimwita maatuhu, mtu wa ufahamu mchache, na katika mapokezi mamoja ya Hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu, yeye ametajwa kwa jina hilo hilo. Maana yake, malaika hawamwandikii dhambi. Fikiri jambo hili, ndugu. Nyumbani mwako mna mtu ambaye daftari lake la dhambi ni jeupe, nawe unamlaza jikoni.

Wala usiseme ni uchawi. Wengine uzazi wa mama yao ulikawia siku mbili, mtoto akakosa pumzi. Wengine ni malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au kifafa kisichopata dawa. Wengine mama zao walikula chumvi isiyo na iodini. Wengine wameumbwa hivyo tumboni, na hakuna aliyekosa. Ndiyo maana sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto, imekataza kumsingizia mtoto uchawi, na mwenye kufanya hivyo anaweza kufungwa. Lakini sisi hatukuhitaji kungoja mwaka 2009. Kumzulia asiye na kosa ni dhambi kubwa tangu siku ya kwanza ya dini hii.

Sasa sikiliza Kitabu. Katika Suratu An-Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatukataza kuwakabidhi mali wale wasio na akili ya kuitunza. Hapo watu wengi wanasimama. Wanaishika nusu hii kwa mikono miwili: hajui makuta, basi asipewe makuta. Lakini aya haikuishia hapo. Inaendelea na amri tatu: walisheni kutoka humo, wavisheni, na mseme nao maneno mema. Tena wafasiri, kama Zamakhshari, wameangalia neno moja dogo. Mungu hakusema walisheni kwa kuila mali hiyo, amesema walisheni ndani yake. Yaani mali ibaki imesimama, ikizaa, na faida yake ndiyo iwe chakula chake na nguo yake. Mlezi akimlisha mtu kwa kumaliza shina la mali yake, siku shina likiisha mtu huyo atakula nini?

Nataka mlielewe jambo hili kwa mfano tunaoujua sote hapa Kindu. Mzee amefariki, mama alikwisha kumtangulia. Ameacha parseli yenye nyumba ya vyumba vinne, watoto wa kiume watatu na binti mmoja. Mmoja wa wale watatu ana akili nzito. Hesabu ya mirathi ni rahisi, mtoto wa chuo anaijua: mafungu 7, kila mwanamume 2, binti 1. Akili nzito haikupunguza hata chembe moja ya fungu lake. Lakini ndugu wanaketi usiku, wanasema: "Huyu anajua nini? Fungu lake tutamtunzia sisi." Parseli inauzwa. Pikipiki inanunuliwa. Mwaka mmoja baadaye yule mtu analala kwenye baraza kwa dada yake, na kila jirani anasema alhamdulillahi, angalau ana dada. Hapana, ndugu! Mafungu mawili kati ya saba ya nyumba ile ni yake. Yeye si mwombaji hapo. Ameibiwa.

Ingefanywaje? Chumba chake kimoja kibaki chake cha kulala. Kilicho ziada kipangishwe, na kodi iandikwe katika daftari kila mwezi: zimeingia franka ngapi, umenunuliwa mchele kiasi gani, sabuni, dawa, kaptura. Na mashahidi wawepo. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo, inayohusu mali ya yatima, inamwambia mlezi tajiri ajizuie asile kitu, na mlezi fukara ale kwa kiasi kinachokubalika, na siku ya kukabidhi awepo shahidi. Na aya ya 282 ya Suratu Al-Baqarah, ile ndefu ya madeni, inasema mwenye deni akiwa dhaifu wa akili, basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu. Angalia, ndugu: aseme kwa niaba yake. Si aseme badala yake kwa faida ya nafsi yake.

Nimekawia kwenye mali kwa sababu ndipo walezi wengi wanapoanguka. Lakini amri ya kwanza ni chakula, na hapo pia tuna aibu yetu.

Ingia nyumba fulani saa ya bugali. Wote wamezunguka sinia moja, sombe katikati, samaki. Pembeni, karibu na mlango, kuna sahani ya bati iliyopinda. Hiyo ni ya nani? Unaijua ni ya nani. Watakuambia anamwaga, anatoa udenda, ana kifafa na povu lake linaambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa sahani, si kwa mkeka. Na katika Suratu An-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu amemwondolea lawama kipofu na kiwete na mgonjwa katika kula pamoja na watu majumbani. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba kabla ya hapo, watu wa Madina walikuwa wakiona vigumu kula pamoja na watu hawa, wengine kwa kuwachukia, wengine kwa kuogopa kuwapunja. Aya ikashuka kwa ajili ya sinia! Kwa hiyo usiseme ni jambo dogo la wanawake jikoni.

Na mwenye kifafa, dawa yake ni sehemu ya chakula chake. Akipewa gardenali hospitalini, apewe kila siku, wala isikatwe ghafla kwa kuwa amekaa miezi miwili bila kuanguka. Ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko la kwanza. Asiachwe peke yake karibu na moto, wala asiende peke yake kuoga mtoni. Lualaba haimsamehi mwenye kuanguka.

Nataja mto kwa sababu ya kamba. Baadhi yenu mmewafunga watu wenu kwa kamba mguuni, nami nimeona alama. Nilipomkuta wa kwanza nilikasirika sana, nikamwita mama yake mkatili mbele ya majirani. Yule mama alilia. Akaniambia: "Shehe, nikienda shamba simfungi, naye anakwenda mtoni. Nisipokwenda shamba, tunakula nini?" Nikatazama kulia na kushoto. Nyumba sita za Waislamu zilizunguka ua ule, na katika kila nyumba palikuwa na mtu aliyekaa tu chini ya mwembe mpaka adhuhuri. Kamba ile haikuwa ya yule mama. Sisi sote ndio tulioisokota. Tangu siku hiyo sikumlaumu tena mwenye kufunga kabla ya kuuliza majirani zake wako wapi. Lakini kamba ni haramu kuizoea, na mlango wa kufungia mtu kutwa nzima ni ndugu yake kamba.

Amri ya tatu ni maneno mema. Hii wengi wanaiona kama pambo la aya. Mimi naona ndiyo kipimo cha zile mbili. Mtu anaweza kulishwa akashiba, akavishwa akapendeza siku ya Idi, na bado akawa hana heshima ya mbuzi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayesema naye. Wanasema juu yake, akiwapo. "Huyu hajui kitu." "Huyu kazi yake kula." Watoto wanamwita zoba, wanamtuma maji kutoka asubuhi, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa malipo ya kucheka. Ana miaka 40 na anaitwa "katoto". Na sisi wa msikitini hatujapona. Nimeona mzee wa safu ya mbele akimshika mtu kama huyu bega na kumsukuma nyuma, eti anaharibu safu. Akasahau kwamba Mtume aliteremshiwa aya za mwanzo wa Suratu Abasa kwa sababu ya kukunja uso mbele ya kipofu, Ibn Ummi Maktum, alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Kipofu hata hakuuona uso ule uliokunjwa, lakini aya zimebaki zikisomwa mpaka leo.

Basi tutazame yeye mwenyewe Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanyaje na mtu wa akili dhaifu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas kwamba mwanamke mmoja, akilini mwake mlikuwa na kitu, alimwendea Mtume akasema ana haja naye. Wakati ule Mtume ni kiongozi wa mji, ana wajumbe, ana vita, ana watu mlangoni. Hakumtuma mtu akamsikilize. Hakumwambia aje na msimamizi wake. Alimwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo katika njia za mji, naye atakwenda naye mpaka amtimizie haja yake. Wakasimama kando ya njia, watu wakipita, mpaka mama yule akamaliza maneno yake yote.

Ndugu msomaji, haja yake ilikuwa nini? Hadithi haikutaja. Labda ilikuwa ndogo sana. Lakini kuchagua njia kumetajwa. Yeye ndiye aliyechagua pa kusimama. Mimi nimeisoma Hadithi hii tangu ujana, na mara nyingi nimeisomesha kama dalili ya unyenyekevu wa Mtume, nikaipita. Ni yule mama wa baada ya isha aliyenifanya niisome tena, nikaona ndani yake namna ya kumlea mtu: kwanza muulize anataka kwenda wapi.

Na ipo ya pili. Palikuwa na mtu mmoja wa Madina, wanazuoni wengi humtaja kuwa Habban bin Munqidh, ambaye ufahamu wake ulikuwa dhaifu katika kuuza na kununua, akidanganywa kila mara. Jamaa zake walimwendea Mtume wakamwomba amzuie kabisa asifanye biashara. Wewe na mimi tungewaona wana akili, tena wana huruma. Mtume alimwita, akamkataza. Yule mtu akasema hawezi kujizuia, anapenda biashara. Sasa angalia hekima. Hakumfungia sokoni, wala hakumwacha aliwe na walaghai. Akamfundisha neno la kusema kila anapouza au kununua, kwamba hapana kudanganyana, na akampa siku tatu za kurudisha bidhaa akiona amepunjwa. Ulimi wake ulikuwa mzito, hata neno lile akilitamka kwa makosa. Neno likakubaliwa hivyo hivyo. Na imepokewa kwamba baadaye, alipogombana na wachuuzi, sahaba akipita alikuwa akimshuhudia: amesema kweli, Mtume amempa siku tatu.

Soko zima likawa mlezi wake. Sisi tuna soko hapa, tena wauzaji Waislamu ni wengi. Je, mwenye akili nzito akija kwako na noti ya franka 5000 kununua sabuni, anarudi nyumbani na chenji yake yote? Jibu hili usinipe mimi.

Nami nina langu la kukiri. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana wa chuo, baba mmoja aliniletea mwanawe. Mtoto alikaa kwangu miezi minne na hakuivuka herufi ya tatu. Leo anaijua, kesho imetoka. Nilimpiga. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimpiga kwa kosa la kuumbwa alivyoumbwa. Mwisho nikamwita baba yake, nikamwambia achukue mtoto wake, asipoteze mali yake bure, huyu ni ubao usioshika wino. Watoto wenzake walicheka, na jina la Ubao likamganda. Baada ya miaka mingi nilivuka na mtumbwi kwenda Alunguli kwenye mazishi. Msikitini kwao nikaona mtu mzima anatandika mikeka, anajaza birika za udhu, anapanga viatu vya wageni kwa jozi bila kukosea hata kimoja. Ilipofika sala akasimama pembeni ya safu, akarukuu tuliporukuu, akasujudu tuliposujudu. Nikauliza ni nani. Wakaniambia jina lake. Imam wa pale alikuwa amemfundisha kwa miaka mitatu, kitu kimoja kimoja, bila kiboko. Nilikwenda kumsalimia. Alinikumbuka. Akaficha mikono yake nyuma.

Sitaongeza neno hapo.

Kuhusu mabinti na wanawake wa namna hii nitasema kwa ufupi na kwa ukali. Wako wanaume wanaowavizia kwa sababu wanajua hawataweza kueleza. Kalamu imeinuliwa kwake yeye, haikuinuliwa kwako. Na ninyi wazazi mnaopatanishwa usiku kwa mbuzi wawili na pagne, mmeuza damu yenu. Sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji zipo, na jambo hili halimalizwi barazani. Kwanza apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana ndani ya muda huo kuna dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi. Asioshwe kwanza, wala asifichwe. Na aaminiwe anaposema, hata kama anasema kwa vidole.

Tena tusiwasahau wanaotunza. Katika nyumba nyingi mtunzaji si mama, ni binti wa miaka 12 aliyetolewa shuleni ili amwangalie mjomba wake. Mkamwokoa mmoja kwa kumzamisha mwingine. Au ni mke wa kaka, aliyeolewa juzi, akapewa shemeji mtu mzima wa kumwosha. Si haki, wala si adabu. Mwanamume na aoshwe na mwanamume, zamu za kaka zake zipangwe, na anayelala naye usiku apumzike mchana. Mtu aliyechoka huwa mkali hata akiwa mcha Mungu. Wanahistoria, akiwemo Tabari, wamesimulia kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 mpaka 715, aliwapangia walemavu posho wasiombe njiani, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Karne ya kwanza ya Hijra walijua kwamba mnyonge hahitaji mkate tu, anahitaji mtu, na mtu huyo alipwe.

Serikali yetu nayo imeandika. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya utu wake. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imeeleza zaidi. Ni vizuri, tuzijue na tuzidai. Lakini sheria haimwogeshi mtu, wala haimkati kucha.

Kwa hiyo turudi kwa yule mama. Ni nani kati yetu? Kamati ya jumuiya imekaa mara mbili juu ya jambo hili, na mara ya kwanza tuligombana. Baadhi ya wazee walitaka ijengwe nyumba moja, wakusanywe wote humo, tuwapelekee mchele kila Ijumaa. Ni nia njema, nami sikuipenda. Mtu aliyezoea uani kwao, aliyezoea mwadhini wake na mwembe wake, ukimtoa umempoteza mara ya pili. Na nyumba ya mbali haitembelewi. Tumekubaliana abaki kartieni kwake, katika nyumba yake ikiwa anayo, au kwa jamaa aliyemchagua yeye, na msaada umfuate pale alipo. Kila mmoja awe na wasimamizi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje ya ukoo, wote wawili waandike jina lao kwenye daftari la msikiti mzazi akiwa hai, ili mtu wake awazoee mapema. Kufa hakupigi hodi.

Na watembelewe bila taarifa. Mwenye kutembelea asiulize kwanza wenye nyumba. Atazame mkeka anaolalia, ni mkavu au una mkojo? Atazame kucha, meno, nguo ya ndani. Aone kama kuna alama mguuni. Aulize dawa iko wapi, ahesabu vidonge. Aulize anakula wapi na pamoja na nani. Kisha aketi naye yeye mwenyewe, kando, hata nusu saa, hata kama maneno hayatoki. Mtu asiyejua kusema anajua kuogopa, nawe utaona kama anamtazama mlezi wake kabla ya kuchukua ndizi uliyompa. Hapo utajua yote.

Ewe Mola, tusamehe tuliowapiga na tuliowacheka. Wape wazazi wao moyo mkunjufu na umri wenye faida. Usitufanye sisi kuwa mtihani wao, hali wao ndio walikuwa rehema yetu, maana Mtume wako ametufundisha kwamba kwa sababu ya wanyonge wetu ndipo tunaponusuriwa na kuruzukiwa. Amin.

TANGAZO. Daftari la wasimamizi litafunguliwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, uani mwa msikiti, kwa watu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Nauli ya mtumbwi kwa watakaotoka ng'ambo italipwa na jumuiya. Wazazi wa madrasa wafahamu pia kwamba tangu mwezi ujao mtoto mwenye akili nzito atapokelewa chuoni, na kiboko kimeondolewa. Mwenye mtu wake aje naye, asimwache nyumbani. Kabla jina la msimamizi halijaandikwa, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza kama anamtaka.